Resori ya Siku Moja

Mukeka ule uache, mama. Ule hauuzwi. Chagua mwingine, iko mingi: wa kitanda, wa kusalia, ule wa rangi mbili pale ukutani. Huo wenye mafundo, unaouma ukikaa, huo ni wangu, hata ukiniletea mbuzi watatu sikupi. Usinitazame vile, siringi. Kaa palepale juu yake nikuambie, maana mvua hii haitatuacha twende popote, na mimi nimechoka kujibu watu nusunusu.

Mimi ni Hadidja, binti ya muzee Mbaraka, musuka mikeka, hapahapa Kindu. Shule sikuingia. Wakati ule shule ilikuwa ya misioni, na baba hakutaka mutoto wa Mwislamu aende kufundishwa kupiga magoti. Kwa hiyo kusoma sijui mupaka leo. Lakini kupima najua. Nikitazama mulango wako mara moja, nitakuambia mukeka gani utapita na upi utakwama. Baba alinifundisha kwa vidole na kwa uzi wa ukindu, na mukono wangu haujasahau.

Bwana yangu alikuwa Isidore Onema, muntu wa upande wa Kibombo, fundi katika garaji ya kampuni moja iliyonunua mupunga na pamba. Mahari alileta kwa baba, watu wakala, wakashiba, wakaniombea dua. Misa haikuwako, yeye Mukristo na mimi Mwislamu, na hakuna aliyeona ubaya. Tulizaa mutoto mumoja, Zaina. Alikaa nasi mwaka na nusu, surua ikamuchukua. Toka siku tuliyomuzika, Onema hakuniita tena Hadidja. Aliniita Mama Zaina, nyumbani na barabarani, mbele ya wazungu na mbele ya wenzake. Jina hilo nililipenda kuliko nguo yoyote aliyoninunulia. Wakati mwingine nilijifanya sikusikia, ili aniite mara ya pili.

Kisha ikaja vita ya wazungu kule kwao, na vipuri vikakatika. Garaji ilikuwa na kamio kumi na moja, malori ya kubeba mizigo, yote ya kiwanda kimoja lakini si ya mwaka mumoja. Kulikuwa na za mwaka wa thelathini na sita, za thelathini na nane, na mbili za arobaini na moja. Ukizitazama toka mbali utasema mapacha. Mapacha gani? Kila mwaka yule aliyezitengeneza alisogeza tundu hapa, akarefusha chuma pale, kama muntu anayetaka tu kusumbua wengine. Na wazungu wa migodi kule Kampene na Punia wanapiga kelele, mali ishuke kwenye reli upesi, vita inaingoja. Kamio moja ikivunjika hakuna cha kuagiza. Unamuvua aliyekufa, unamuvalisha anayeugua.

Siku moja nilimupelekea Onema chakula, nikamukuta ameketi chini, nyundo ameitupa huko. Alikuwa ametoa resori kwenye kamio ya thelathini na nane, zile lama za chuma zilizolaliana zinazobeba gari juu ya gurudumu, akaifunga kwenye ya thelathini na sita. Urefu sawasawa, matundu ya mwisho sawasawa, na bado gurudumu linasugua bati. Amefungua na kufunga mara tatu.

"Hii kamio imelogwa," akasema.

Nikaweka sufuria chini. Nikachomoa uzi wa ukindu kwenye tita langu, nikapima toka tundu la mwisho mupaka musumari wa katikati, kisha upande wa pili.

"Haikulogwa," nikamwambia. "Musumari wa katikati hauko katikati. Upande huu umezidi vidole viwili. Geuza resori, nyuma iende mbele."

Akageuza. Gurudumu likakaa mahali pake. Onema alinitazama, akaanza kucheka, akacheka mupaka akashika tumbo, na mafuta ya gari yote yale usoni. Siku ile nilimupenda sana yule mwanaume, sitakuficha.

Njo hapo kamba zilipoanza. Kila kipande nikakisukia kamba yake: fundo kubwa mahali pa tundu, fundo dogo mahali pa musumari. Kamba nyeusi, ile ya kulaza kwenye matope, ilikuwa ya kamio za thelathini na sita. Nyekundu ya thelathini na nane. Nyeupe, isiyotiwa rangi, ya arobaini na moja. Nilipima resori, milango, bawaba, mabati ya kufunika magurudumu, hata fremu ya kioo cha mbele. Nikazitundika jikoni juu ya moshi zisiliwe na wadudu. Jioni Onema anarudi, hajanawa mikono, anauliza: "Mama Zaina, mulango wa nyekundu unaingia kwenye nyeusi?" Ninashusha kamba mbili, ninazilaza pamoja, ninatazama mafundo. "Bawaba ya chini inakubali. Ya juu haifiki. Ongeza chuma cha unene wa kidole." Kesho yake anafanya vile, na mulango unafunga.

Jina lake likatembea. Madereva wa Kampene walikuja wakimuuliza yeye tu. Bwana mukubwa wa garaji alimupiga begani, akawaambia wazungu wenzake kwamba Onema ana kichwa. Kichwa kilikuwa kimetundikwa jikoni kwangu, mama, kinanuka moshi. Lakini sikusema neno. Akisifiwa yeye nilishiba mimi, njo ujinga wangu ulivyokuwa.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana njo hapa nilipojifungia kamba ya shingo mwenyewe. Kila mwaka alikuja muzungu wa kukagua magari. Kamio zote kumi na moja lazima apite chini yake, apige resori kwa nyundo yake ndogo, afungue milango, aandike. Na garaji ilikuwa na resori nzuri seti moja tu, na milango miwili isiyotoboka. Walifanya nini? Asubuhi wanaivalisha kamio ya kwanza, inakaguliwa, inapita. Yule muzungu akienda kunywa kahawa na bwana mukubwa, wanaivua mbio, wanaivalisha ya pili. Mimi niko nyuma ya garaji na kamba zangu, ninawaambia wapi wachonge, wapi waweke kipande. Tuliita kuvalisha. Na kila muntu alijua sheria yake: mukaguzi akiondoka, cha kuazima kinafunguliwa, kinarudi kwa mwenyewe. Haikukosa hata mwaka mumoja. Nilikula ile sheria kama ugali.

Vita ikaisha. Tukajenga nyumba ya matofali kwenye cité, mutaa wa watu weusi. Maji ya kukanda udongo niliyabeba mimi toka mutoni, kichwa changu bado kina kipara kidogo pale katikati. Jiko nililijenga mwenyewe. Mulango wa mbele ulikwama chini wakati wa mvua, lazima uuinue kidogo ndiyo ufunguke, na mimi niliupenda hata kwa ule ubishi wake. Kama kuna kitu nilikuwa nacho katika dunia hii, ni nyumba ile na yule mwanaume ndani yake.

Mwaka wa hamsini, Onema akaanza kuota karata. Ile karata ya evolue, unaijua, ya mweusi ambaye wazungu wanasema amestaarabika. Mwenye karata hapigwi fimbo. Polisi hamusumbui barabarani jioni. Na garaji ilitaka mukubwa wa kazi, mweusi wa kwanza, lakini lazima awe na karata. Rafiki yake Jérôme, karani wa posta, alikuwa nayo tayari, na kila Jumapili alikaa kwenye kiti chetu akieleza: kamati itakuja nyumbani, watatazama meza, vitanda, choo, watamusikiliza bibi yako, kama anaongea Kifaransa, kama anakula na kanya. Kanya, ile ya chuma yenye meno. Alipofika hapo alinitazama mimi niliyekaa chini na ukindu wangu.

Wiki moja kabla ya kamati, Onema alikuja jikoni, akakaa kwenye kibao.

"Mama Zaina, tutavalisha nyumba."

"Kuvalisha namna gani?"

"Jérôme iko na mutoto wa ndugu yake, Scholastique. Amesoma kwa masista. Atakaa mezani siku ile moja, aongee na wale wazungu. Wakienda, anarudi kwao."

Na mimi, mama, nilicheka. Wallahi nilicheka. Niliona ni ileile ya garaji, muzungu na nyundo yake, sisi nyuma tunabana kicheko. Nikasema haya, lakini chakula nitapika mimi, huyo wa masista atawaulia kuku bure. Scholastique alipokuja, musichana wa miaka kumi na tisa, mupole, macho chini, nilimuonyesha mwenyewe nyumba yangu. Sukari iko hapa. Vikombe vizuri viko kule. Mulango huu uuinue kidogo, uone, hivi, njo unafunguka. Nikamuazima na hereni zangu. Nilimupimia mahali pangu vizuri, hata kidole kimoja hakikuzidi.

Kamati walikuja watatu. Nilikuwa nimepika kuku kwa mafuta ya mawese, na wali. Niliingiza sahani. Muzungu mumoja, mwenye Kiswahili cha misioni, akauliza, "Huyu mama ni nani?"

Onema alijibu bila kumeza mate. "Dada yangu mukubwa, Bwana. Bwana yake alikufa. Ninamutunza."

Nikaweka sahani. Nilisema moyoni: ni ya leo tu, kesho inafunguliwa. Nikageuka kwenda jikoni. Nyuma yangu yule muzungu akauliza kama wana watoto.

"Bado, Bwana," Onema akasema. "Bado hatujapata."

Neno la dada nililimeza. Hilo la pili, lile la bado, sijalimeza mupaka leo. Mutoto niliyemuosha na mikono hii, ambaye yeye mwenyewe alimushusha kaburini. Kufa alikufa. Lakini bado?

Walipoondoka, niliingia kuvua nguo za mapishi, nikae kwangu. Jérôme, aliyekuja kumuchukua Scholastique, akasema polepole, hapana, hawa watu wanarudi bila kupiga hodi, mutoto akae wiki moja. Mimi nikalale wapi? Kwa rafiki yangu Albertine, nyumba ya tatu toka pale, anauza muchele sokoni. Nikaenda na mukeka mumoja. Wiki ikawa mwezi. Nilipita kila asubuhi kufagia jiko langu, na Scholastique aliniamkia kwa heshima, "Jambo, mama," huku hereni zangu zinacheza masikioni mwake. Karata ikafika. Jina la bibi limeandikwa Scholastique, muhuri umepigwa. Bado nilingoja. Nilijua sheria.

Habari ya ndoa nilipata kwa Albertine. Alirudi sokoni, akakaa, akafungua kitambaa chake, akafunga tena.

"Hadidja, Jérôme amekuja kuagiza muchele. Gunia mbili. Anasema ni wa arusi ya misioni."

"Arusi ya nani?"

Akaanza kulia yeye kabla yangu. Nilikwenda garaji mbio, sijafunga hata kitambaa kichwani. Onema alitoka, akanivuta nyuma ya ukuta, palepale tulipokuwa tunavalisha zile kamio.

"Padri anataka ndoa ya kweli, au watanyang'anya karata," akasema. "Mama Zaina, wewe unaelewa kazi hizi."

"Nikuulize basi kitu cha kazi. Mukaguzi akiondoka, resori ya kuazima munaifanya nini?"

Alitazama viatu vyake. Alikuwa na viatu vipya.

"Nati zimekwisha kukazwa," akasema.

Nilitaka kumupiga. Nilitaka kulia juu ya kifua chake vilevile, sijui lipi lilitangulia. Karibu miaka kumi amenila kichwa, amenila mikono, na alipokuwa anakula alinishikisha mimi mwenyewe taa. Nilirudi kwenye nyumba yangu, nikapita mbele ya Scholastique bila salamu, nikaingia jikoni, nikashusha kamba zote juu ya moshi. Nikatoka nazo mabegani. Hakuna aliyenizuia. Waliona ni ukindu tu.

Onema akawa mukubwa wa kazi. Kamio mupya zikaja na bato, meli ya mutoni, vipuri vikaja ndani ya masanduku, kila kimoja na namba yake, na kwa miaka mitatu mafundo hayakutakiwa na muntu. Mimi nikakodi chumba hiki, nikasuka, nikauza. Tukikutana barabarani aliniamkia "Jambo, dada," maana uongo ukishaingia kwenye karata lazima uulishe kila siku. Na mimi, niseme ukweli wote, nilimungoja. Niliosha zile kamba, nikazitia moshi, nikazitundika tena. Nilisema siku moja atakuja kuzitaka, na akija ataniita jina langu.

Alikuja. Kampuni ilikuwa imezika kamio za zamani nyuma ya garaji kwenye majani, sasa mugodi mumoja wa kule Punia ulitaka mbili za kutembea porini, na bwana mukubwa akasema: fufua, wewe si una kichwa. Onema alifufua kwa wiki tatu. Milango haifungi, resori imekaa upande, gurudumu linakula bati. Madereva wakaanza kucheka mbele yake. Bwana mukubwa akamupa mupaka Jumatatu, ikishindikana anarudi kuwa fundi wa chini. Habari hiyo ilinifikia Ijumaa. Jumapili baada ya misa nikasikia baiskeli. Kamba nilikuwa nimekwisha kuzishusha, mama. Tita zima lilikuwa juu ya mapaja yangu chini ya kitambaa. Nilikuwa nimeamua kumupa.

Alisimama pale mulangoni, kofia mukononi, na sukari ndani ya karatasi. Kwa jirani walikuwa wamekaa watu wawili waliotoka misa, wanatutazama. Akawatazama wale. Kisha akanitazama mimi.

"Jambo, dada," akasema. "Nimekuja kwa zile kamba."

Kama angaliniita vile ninavyoitwa, hata kwa mudomo mudogo, ningalimupa zote na kumueleza kila fundo. Nilihisi vidole vyangu vinaachia tita.

"Vitu vya dada, ndugu yake anavirithi akisha kufa," nikamwambia. "Mimi sijafa. Ngoja."

Akasogea. Jasho lilikuwa linamutoka kama ile siku ya resori. Wale wa kwa jirani wakainuka, wakaingia ndani kula. Hapo njo aliinama, akasema chini chini, kama muntu anayeiba: "Mama Zaina, nisaidie. Watanishusha."

Miaka mitatu nilikuwa nimelingoja neno lile. Likaja hivyo, baada ya kutazama kushoto na kulia.

"Zaina njo nani?" nikamuuliza. "Wewe uliwaambia bado."

Aliweka sukari kwenye kizingiti, akachukua baiskeli, akaisukuma bila kuipanda mupaka akapotea kwenye kona ya reli. Jumatatu walimushusha. Sikufurahi, usifikiri nilifurahi. Nililala siku mbili, Albertine akanilisha uji.

Siku ya tatu niliinuka, nikatandaza zile kamba zote chini, nyeusi, nyekundu na nyeupe, nikazisuka pamoja, na mafundo yake, bila kufungua hata moja. Sasa hata mimi siwezi kuzitoa bila kuzikata. Njo maana mukeka huu unauma. Hapo ulipokalia ni resori ya mbele, na pale kwenye kisigino chako ni mulango wa kushoto. Haya, mvua imepungua. Utachukua ule wa rangi mbili?